Mshale Umebaki Kwenye Tatu

Mdogo wangu, gari limefika! Lile lile la kijani, la shemeji yako, ulilowahi kusema kwamba halifai hata kubebea magunia matupu. Jumapili iliyopita liliondoka hapa kwetu saa moja asubuhi likaenda mpaka kwenye kona ya mtaa wako, pale penye duka la vioo, bila kuzima, bila kukohoa, bila hata kupiga chafya. Kisha likarudi. Mwendo wa saa nne kwenda, saa nne kurudi, na mimi nilikuwa ndani yake, kiti cha mbele, na daftari mapajani kama karani.

Najua hapo umeinua macho ukamwuliza mkeo ni watu gani hao wanaofika mpaka kona ya mtaa halafu wanageuza bila kubisha hodi. Tulia, nitafika huko. Ngoja kwanza nikusalimu, maana mama yetu angekuwa hai angeninyang'anya kalamu kwa kuanza barua na kelele.

Hujambo lakini? Wifi yangu hajambo, na lile goti lake limepata nafuu? Watoto wanaendeleaje na masomo, na yule wa mwisho bado anakataa kuvaa viatu? Sisi huku ni wazima wote. Shemeji yako macho yanamsumbua kidogo akisoma, ila barabarani anaona vizuri kabisa, kwa hiyo usije ukaanzia hapo. Mimi nilikwenda kwa daktari, akaniambia nipunguze chumvi na maneno. Chumvi nimepunguza.

Sasa nianze na mpwa wako, kwa sababu habari hii ni yake kabla haijawa ya mtu mwingine. Namsema yule wa pili, uliyekuwa ukimbeba mabegani akikung'ang'ania masikio. Alimaliza chuo cha ufundi akiwa msichana peke yake darasani, na cheti chake nimekitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuingia asikione. Hata fundi wa umeme aliyekuja kubadilisha taa nilimlazimisha akisome. Sasa anafanya kazi kwenye karakana ya yule mzee mwenye kipara tuliyekuwa tukimwita Profesa, unamkumbuka, aliyekuwa anavaa miwani miwili kwa pamoja. Profesa mwenyewe amekiri mbele yangu kwamba akimsikia binti yangu amesema injini ina ugonjwa fulani, yeye haendi tena kuangalia. Sisemi hivi kwa sababu ni mwanangu. Nasema kwa sababu ni mwanangu na ni kweli.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani, akalizunguka lile gari mara tatu, akamwambia baba yake kwamba anataka kujua kwa nini linazima safarini. Baba yake akamjibu kwamba gari hilo ni la kwenda sokoni na zahanati, safari halina haja nazo, na liachwe lizeeke kwa amani. Binti akasema hawezi kuitwa fundi huku nyumbani kwao kuna gari lililowashinda watu wote. Nikaona shemeji yako anakiangalia kisigino cha kiatu chake, nami nikajua anaiwaza siku ile, kama unavyoiwaza wewe sasa hivi.

Lakini kabla ya siku ile gari lile lilikuwa na siku nyingine nyingi, ndugu yangu, na wewe ulikuwamo. Unakumbuka lilivyoingia uani mara ya kwanza? Ulikuwa unakaa kwetu, unasoma, unalala kwenye kochi lile la sebuleni lenye springi iliyokuwa ikikuchoma mbavu. Shemeji yako alipiga honi mpaka jirani akatoka na sabuni kichwani. Ukamwambia rangi yake kama chupa ya dawa ya kikohozi. Akacheka, akakupa kitambaa, na toka siku hiyo kila Jumamosi ulikuwa unaliosha, na ukimaliza unakaa kwenye usukani unanguruma kwa mdomo kama injini, mtu mzima na ndevu zimeanza. Ni yeye aliyekufundisha kuendesha, kwenye kile kiwanja cha mpira. Ulipogonga nguzo ya goli aliniambia mimi kwamba amegonga yeye. Nililijua hilo miaka mingi baadaye, ulipolitoboa mwenyewe ukiwa na furaha zako.

Na safari zile! Mama mbele, amelivua lile koti lake jeusi na kulikunja mapajani. Mimi na wewe na watoto nyuma, chupa ya chai kati ya miguu yangu, mayai ya kuchemsha kwenye bakuli lenye kifuniko kisichofunga. Mama alikuwa hapendi mwendo mkali, kwa hiyo kila shemeji yako akiongeza mwendo kidogo, mama anaanza kuimba polepole, basi na yeye anapunguza kufuata wimbo. Siku hizi nikipika chai nyingi kuliko tunavyoweza kunywa, najua mkono wangu bado unapimia gari zima.

Halafu injini ile ya kwanza ikachoka. Wewe ulikuwa umeshaanza kazi huko mbali, kwa hiyo sehemu hii hukuiona. Wengine wangeliuza gari kwa vyuma chakavu. Shemeji yako alikwenda kutafuta injini ya gari kubwa zaidi lililopata ajali, akaileta nyumbani, akaipima kila upande kwa kamba yangu ya kuanikia nguo. Vishikio vya injini alivikereza mwenyewe kazini kwake, kwenye mashine ile ya kukerezea vyuma aliyoifanyia kazi maisha yake yote, na havijalegea mpaka leo. Injini ilipokaa akagundua ina kiu. Ile pampu ya petroli iliyozaliwa na gari haikuweza kuinywesha. Ndipo akanunua nyingine kwenye duka la vipuri, yenye nguvu, ya kufungwa kwenye gari lolote. Ilikuwa imebaki miezi miwili harusi yako ifanyike, na aliniambia wazi kwamba anaitengeneza kwa ajili ya siku hiyo, ampeleke mama kwa mwanawe wa pekee wa kiume kama malkia.

Ile miezi miwili tulizunguka mjini kama waziri. Pampu haikutikisika. Safari ya kwanza ndefu ikawa ndiyo ile ya harusi.

Yaliyotokea uliyaona kwa upande wako. Acha leo nikuambie upande wetu, maana hukuwahi kuuliza na mimi sikuwahi kukusimulia. Saa ya kwanza tulikwenda vizuri, mama anaimba. Baadaye kidogo, kwenye ule mlima mrefu, gari likaanza kukosa nguvu kama mtu aliyepanda ngazi kwa njaa, likakohoa, likazima. Shemeji yako alifungua boneti, akafungua buti, akalala chini ya gari na suruali yake ya harusi. Baada ya nusu saa likawaka kama halikuwa na lolote. Tukashangilia. Robo saa tu, likazima tena. Tulikwenda hivyo siku nzima, tukisimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Hakuna gari la abiria lililokuwa na nafasi ya watu watano, na mama alikataa katakata kupanda peke yake na kutuacha njiani.

Umekuwa ukiamini kwamba mama alikaa kando ya barabara akilia. Hapana, mdogo wangu. Alivua vile viatu vyake vipya, akaketi juu ya kifuniko cha buti kama msichana, akatoa kile kitambaa cha kitanda alichokuwa akikufumia, akamaliza mstari wa mwisho palepale. Akasema gari hili lina haya, likisikia sherehe linajificha. Watoto wakacheka mpaka wakalala chini kwenye majani. Aliwafundisha nyimbo tatu siku ile ambazo mimi mwenyewe alikuwa hajawahi kunifundisha, na mpwa wako anaimba moja akiwa chini ya gari mpaka leo. Huzuni ilimpata tulipofika, alipoona viti vinapakiwa kwenye lori na wewe umesimama mlangoni na ua limenyauka kwenye koti.

Maneno uliyomwambia shemeji yako pale siyarudii, unayajua. Ulisema mbele ya wakwe zako kwamba mkereza vyuma akereze vyuma, magari awaachie mafundi, na kwamba kwa kununua pampu ya kubahatisha amekunyima mama yako siku ya maisha yako. Yeye alikushika mkono, akasema pole, akaenda kukaa ndani ya gari. Mimi nilitegemea yataisha kwa wiki moja. Imekuwa miaka kumi na minne. Kwenye mazishi ya mama mlisalimiana kama makarani wa ofisi mbili.

Basi, turudi kwa mtoto. Kwanza aligombana na Profesa, kwa heshima lakini aligombana. Profesa alimwambia gari lile alishalipima yeye zamani, alifunga geji ya presha palepale uani, akaacha injini ikinguruma dakika kumi na tano, geji ikasoma tatu, na tatu ndiyo inayotakiwa. Tatu ya nini usiniulize, mpwa wako alinieleza nikaitikia. Kwa hiyo Profesa akasema pampu ni nzima, tatizo ni waya. Mafundi wengine wawili walipima hivyohivyo, wakabadilisha chujio, wakabadilisha plagi, wakabadilisha kila kitu isipokuwa usukani. Binti akamjibu kwamba wote wamempima mgonjwa akiwa amelala, na ugonjwa wake ni wa kutembea.

Akafunga geji kwenye bomba la petroli, akaipitisha nje ya boneti, akaibandika kwa utepe wa gundi kwenye kioo cha mbele, upande wa nje, ili petroli isije ikavuja tulipokaa. Halafu akasema anahitaji mtu wa kukaa naye mbele asome mshale huku yeye anaendesha. Baba yake akasema miwani yake haioni vitu vidogo. Nikasema mimi nipo. Mdogo wangu, mimi niliyeishia darasa la sita! Nikanunua daftari jipya, nikachonga penseli mbili, na kwenye kila kibao cha kilomita nikaandika kilomita na namba ya mshale. Mpwa wako anasema hajapata kufanya kazi na mtu anayeandika namba safi kama mimi. Profesa ameliomba daftari hilo akawaonyeshe wanafunzi wake. Nimemwambia atalirudisha.

Tatu, tatu, tatu, ukurasa mzima ni tatu. Tulipotimiza mwendo wa saa moja na dakika ishirini mshale ukaanza kuinama, taratibu, kama mzee anayesinzia kwenye kiti. Mbili na nusu. Mbili. Nikapiga kelele. Ilipofika moja na nusu gari likakohoa kikohozi kilekile cha siku ile, nikakitambua kama sauti ya mtu. Tukasimama. Akainua kiti cha nyuma, akatega sikio juu ya tangi: pampu inanguruma kwa afya yake yote. Tukangoja nusu saa, tukawasha, mshale umerudi kwenye tatu. Akatabasamu vile anavyotabasamu baba yake. Akaniambia pampu haijawahi kuwa na kosa, ila presha inatengenezwa na inapotea humohumo ndani ya tangi, gari likishapata joto.

Tulirudi kwa kudonoadonoa mpaka karakana, tukamkuta baba yake anatungoja. Hakungoja lipoe. Alilisimamisha nje mahali pa wazi, akatoa waya wa betri, akatufukuza mimi na baba yake mpaka getini, akaitoa pampu. Alipotuita akatuonyesha kipande cha mpira mweusi, urefu wa kiganja changu, kinachounganisha pampu na bomba la kutokea. Alikibana kwa vidole viwili kikalala bapa kama tambi iliyoiva. Kwenye ncha, chini ya kibano, kulikuwa na ufa umeachama. Tukakaa tukinywa chai, na kilipopoa kikawa kigumu, na ufa ukafumba kama mtu aliyeamua kutosema. Akatueleza kwamba huo ni mpira wa petroli kweli, lakini ni wa kupitisha petroli kwa ndani, nje ukiwa mkavu. Ndani ya tangi unaoga petroli pande zote, unavimba, unalegea, na petroli ikipata moto kwa safari ndefu ndiyo unaachia kabisa. Kwa safari ya sokoni hausemi kitu.

Alikuwa ameshanunua pampu mpya, ya aina ileile, bado zinauzwa. Akafungua boksi mbele yetu. Kulikuwa na pampu, chujio, waya, vibano viwili, na kipande cha mpira mweusi chenye herufi ndogo nyeupe. Akakiinua, akamwuliza baba yake kile cha boksi la zamani kilikwenda wapi, maana huu ndio mpira wa tangi, na boksi lolote la pampu hii huja nao.

Shemeji yako alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Akajibu kwamba alikipoteza yeye, akatumia kilichokuwapo kazini. Hakupepesa hata jicho.

Binti akafunga mpira mpya kwenye pampu ileile ya zamani, makusudi, akasema anataka ijulikane kwamba baba yake alichagua vizuri. Kesho yake, Jumapili, tukaingia barabarani, baba anaendesha, mimi na daftari langu, binti nyuma. Tatu, tatu, tatu. Ule mlima tuliupanda mshale umesimama wima kama askari wa gwaride. Shemeji yako hakusema tugeuze wapi. Aliendelea tu, mpaka nikaliona duka la vioo, nikaona na geti lako la bluu kwa mbali na nguo za wifi kwenye kamba. Akasimama hapo kwenye kona, injini inanguruma. Binti akamwambia mjomba yuko palepale, hatua mia hazifiki. Baba yake akautazama mtaa muda mrefu, akasema mshale umebaki kwenye tatu, hilo ndilo tulilokuja kuliona, akageuza.

Na mimi, dada yako, ninayeweza kumsalimia hata mlinzi wa benki, nilijifanya nahesabu namba za daftari. Nilikuwa nina jambo limenilemea tangu boksi lile lilipofunguliwa.

Mdogo wangu, kipande kile nilikichukua mimi.

Pampu ilipoletwa nyumbani, boksi lilikaa siku mbili mezani. Nililifungua kwa udadisi wangu. Nikaona vitu vyenye maana, na nikaona kipande cha mpira kimelegea pembeni, nikadhani ni cha kuzuia pampu isigongegonge njiani, kama zile karatasi wanazojaza kwenye maboksi ya vyombo. Ndoo yangu ya maji ilikuwa na mpini wa waya uliokuwa ukinikata vidole. Nikakichukua, nikakipasua kwa kisu urefu wake wote, nikakivika kwenye mpini. Kilikaa kama kimeumbiwa. Shemeji yako alipoanza kazi akaniuliza kama nimeona kipande cha mpira, kwa sababu picha kwenye boksi inakionyesha. Nilikuwa nimeshakipasua, nikaona haya, nikasema mimi sikukiona, labda wamesahau kukiweka. Nikasema uongo wa jikoni, wa nani kamaliza sukari. Yeye akasema mpira ni mpira, akakata kipande kazini.

Sikujua kwamba ndicho kilichotuzimisha, hilo naapa. Lakini nilijua kwamba nilidanganya, na siku ile ulipokuwa ukimsema mbele ya watu, kitu kidogo kilininong'oneza nikakinyamazisha.

Jumapili tukirudi, tulipofika pale mama alipokalia buti, nikamwambia shemeji yako asimamishe gari. Aliangalia geji kwanza, anadhani mshale umeanguka. Tukashuka. Nikamweleza yote, nikilia kama mtoto, na binti yetu anasikia. Unajua alisema nini? Alisema anajua. Wiki moja baada ya harusi yako alichukua ndoo ile aoshe gari, akahisi mpini laini mkononi, akaugeuza, akaziona zile herufi nyeupe. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba wakati ule naye alidhani mpira ni mpira, hakuona umebadilisha nini, na kwamba wewe ulikuwa umeshakasirika na mtu mmoja, hakuona sababu ya kukuongezea wa pili, tena dada yako. Na Jumamosi binti alipouliza, akajua vilevile nilivyojua mimi, akajitwika mwenyewe. Binti alikaa chini barabarani akacheka mpaka machozi, halafu akachukua daftari langu, kwenye ukurasa alioandika chanzo cha tatizo, akafuta, akaandika: mama.

Ndiyo hayo. Sikuandiki ili umwombe radhi, wewe ni mtu mzima na ulikuwa na uchungu wa mama yako. Mwenye deni la radhi ni mimi, kwenu wote wawili, na ninaiomba hapa kwa mkono wangu. Lakini ulimsema mbele ya watu, na mimi niliyekosa nilikuwa nimesimama pembeni yake nimevaa kofia nzuri. Nisingependa nife nikiwa ndiye pekee niliyetoka kwenye harusi yako bila doa.

Mpwa wako anafungua karakana yake mwenyewe mwezi ujao. Ndiyo, yake, kibao kimeshachorwa, na Profesa ndiye atakayekata utepe. Tutakula hapohapo, tutaweka meza kati ya magari. Shemeji yako aliponiona naandika akauliza namwandikia nani. Nikamwambia. Akafuta miwani, akasema mabasi ya njia ile yanachelewa, na goti la wifi halifai kupandishwa ngazi za basi, kwa hiyo yeye atakuja kuwachukua Ijumaa mchana. Gari halijai kwa watu wanne na dereva.

Safari hii hatageuzia kwenye kona, nimemwambia, na ameitikia. Wewe nakuomba kitu kimoja tu. Ukisikia honi usimtume mtoto kufungua geti, wala usimngojee sebuleni. Toka nje mwenyewe.

Msalimie wifi yangu, mwambie alete ile sufuria yake kubwa, yangu imetoboka. Wabusu watoto, huyo wa mwisho aje hivyohivyo bila viatu. Binti yetu anakusalimu na anasema mashati yenye mafuta yasikutishe. Baba yake naye anakusalimu. Sikumtuma, amesema mwenyewe niandike.

Kumbuka basi: yeye atakuwa mlangoni kwako Ijumaa, na sisi wote tunawangojea karakana Jumamosi, tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi.

Ni mimi dada yako,
Mama Fundi